Maji ya Katekista Cleophas

Baba mkwe wangu nilimjua kwa visigino. Miaka kumi na minne tuliishi boma moja, na uso wake nadhani niliuona mara tatu, zote kwa bahati mbaya. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita ensoni, ile haya iliyowekwa kati ya mtu na mke wa mwanawe. Sikula mbele yake. Tukikutana kwenye njia nyembamba, mmoja aliingia majanini mwingine apite. Na kubwa kuliko yote, hakuruhusiwa kukanyaga ndani ya nyumba yangu, hata kama paa linawaka moto, kwa kuwa mle ndimo kilimokuwa kitanda cha mwanawe. Baba mtu akivuka kizingiti hicho, wazee walisema, mauti huvuka pamoja naye.

Kwa hiyo msiniulize kama alikuwa na sura nzuri. Najua kwamba visigino vyake vilipasuka kama udongo wa kiangazi, kwamba alikuwa na kofia ya kaki iliyokatika ukingo, na kwamba alikohoa kila alipokaribia uwanja wangu ili nipate nafasi ya kugeuka. Asubuhi hakunisalimia mimi, alisalimia nyumba. Aliita akiwa mbali, "Nyumba ya Machogu, mmeamkaje?" nami nikajibu kutoka ndani kwamba nyumba imeamka salama. Machogu ndiye mume wangu, mwana pekee wa mzee huyo. Jina lake la nyumbani, yule mzee, silitaji mpaka leo. La ubatizo nalitaja bila woga, maana halikuzaliwa kwetu. Aliitwa Cleophas.

Alikuwa mchunga ng'ombe na mwezeka nyumba mpaka ule mwaka wa nzige, walipokula wimbi lote la milima ya Nyamira wakaacha ardhi inang'aa. Akashuka misheni kubeba mawe ya kujengea kanisa, apate chakula. Wenzake walirudi na magunia. Yeye alirudi na gunia na kijitabu cha maswali na majibu, amekikariri chote, na akaanza kuudhi watu. Alijenga kibanda cha nyasi juu ya kilima chetu, akatundika kipande cha chuma mtini, na kila Jumatano na Jumapili alikigonga mpaka ng'ombe wakazoea kuliko watu. Mkewe mwenyewe alikataa kubatizwa. Alisema nyumba moja haihitaji watu wawili wa kuamka mapema.

Nilipoolewa, mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini, niliandikishwa mafundisho yake kama wengine. Niliketi nyuma kabisa, nimejificha mgongoni mwa mwanamke mnene ili mwalimu na mwanafunzi tusionane. Nilikuwa nacheka moyoni, lakini sauti yake ilinifikia. Somo alilolipenda lilikuwa moja. Wazee wetu, alisema, walijua kwamba Mungu aliumba dunia, lakini wakadhani alimaliza akaenda zake. Hapana. Ukipanda wimbi ukarudi nyumbani kulala, ni nani anayebaki shambani? Mungu hajaacha kazi hata leo. Ameshika kilima hiki na kila mtu aliye juu yake, na akilegeza mkono kwa muda wa kupepesa jicho, hatutakuwa mavumbi tu, tutakuwa kama ambao hawakuwahi kuwapo. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilishika ardhi kwa mikono miwili.

Kisha alifundisha uzima wa milele. Alisema hauanzi siku ya kufa, unaanza siku ya maji. Maji yakikugusa na maneno yakasemwa, umeingia mle ambamo mauti hayawezi kukutoa. Na wasioguswa na maji? Mtu mmoja aliuliza juu ya watoto wachanga wanaokufa kabla. Cleophas akajibu kama kijitabu kilivyojibu, bila kusita. Kuna mahali pao. Hakuna moto huko, wala kilio. Lakini uso wa Mungu hawatauona, si leo wala milele. Akageuza ukurasa. Wakati huo sikuwa na mtoto, kwa hiyo nami niligeuza pamoja naye.

Vita vya Wazungu vilipofika mwaka wake wa nne, Machogu alikuwa amechukuliwa jeshini, akavushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani. Aliniacha mjamzito. Mvua za masika mwaka ule zilikataa kwisha, na nyuma yake ikaja homa. Malaria sisi wa milimani tuliijua kama ugonjwa wa watu wa mabondeni, tukiwacheka. Ikapanda. Ilianzia kwenye mito, ikapanda boma kwa boma, na asubuhi ungesimama uwanjani ukahesabu moshi wa majirani. Wiki ya kwanza moshi ulikuwa wa nyumba ishirini na moja. Wiki ya nne nilihesabu kumi na tatu. Nyumba nyingine watu walikuwamo, lakini hapakuwa na mtu wa kuwasha moto.

Cleophas hakukaa. Alitembea mpaka mji wa Kisii kutafuta kwinini, na dukani kwa Shariff akaambiwa imekwisha, na mganga wa serikali akampa vidonge vya kujaza kiganja kimoja. Akavigawa kwa siku mbili. Vilipokwisha akabaki na kitu kimoja cha kugawa. Alikuwa na chupa ndogo ya dawa, yenye kizibo, akaijaza maji safi na kuitia mfukoni mwa koti. Mwenye afya alipaswa kufundishwa miaka mitatu, minne, kabla ya kubatizwa na Padre. Lakini aliye mahututi, katekista angeweza kumbatiza palepale, kama Padre yuko mbali. Na Padre alikuwa mbali, na mahututi walikuwa wengi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo sisi watu wa kilima kile tulipokosea, na mimi nikiwamo. Cleophas alibatiza wanaokufa, nao wakafa. Aliingia nyumba ya huyu akatoa chupa, kesho yake kaburi. Akaingia nyumba ya yule, kaburi. Ukimwita seremala siku ya jeneza tu, utaapa kwamba seremala ndiye anayeua. Leo naliona wazi mpaka nataka kujipiga kofi. Wakati ule tulihesabu. Watu ishirini na saba walimwagiwa, na ishirini na sita walizikwa. Wa ishirini na saba alikuwa Opondo, Mjaluo aliyekuwa akisaga nafaka kule Nyamira, na alipopona watu wakasema maji yale hayamjui mtu wa ziwani.

Ikafika hali kwamba akionekana njiani, kofia ile ya kaki, wanawake waliita watoto ndani na kufunga milango. Wagonjwa walifichwa. Kuna bibi mmoja aliyefunikwa majani ya migomba nyuma ya zizi mpaka katekista apite, na alipofunuliwa alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyelaumu majani.

Mzee Nyasani, kiongozi wa ukoo wetu, alikuja bomani kwetu adhuhuri moja na wazee watatu. Nilikuwa ndani nanyonyesha, kwa kuwa mtoto wangu alikuwa amezaliwa siku ya nne ya mwezi ule, wa kiume, mwenye nywele nyingi. Niliwasikia wote. Nyasani hakuja kwa ukali. Alisema wamekwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli ameona maji. Alimwomba Cleophas afunge chupa yake mpaka mvua zikome, basi. Baba mkwe akajibu kwamba wanaokufa hawatangoja mvua zikome. Kisha Nyasani akasema jambo ambalo sikulisahau.

"Basi mwaga kwako kwanza, tuone."

Wakaondoka. Siku tatu baadaye mama mkwe akashikwa na homa.

Alikuwa mwanamke imara, mcheshi, aliyenifundisha kusaga wimbi bila kuumia mabega. Nilimpenda kuliko mama aliyenizaa, na sioni haya kusema. Siku ya tano ya homa yake akamwita mumewe akamwambia haya, mimi nikiwa jikoni nachochea uji. Amechoka kubishana naye miaka kumi na miwili. Kama huko anakokwenda kweli kuna mlango, afadhali afunguliwe, asije akakaa nje akimsubiri mzee ambaye hutembea polepole. Cleophas akambatiza kwa jina la Roda. Alikuwa Roda kwa muda wa jioni moja. Asubuhi, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, akakata roho.

Wakati wa mazishi hakuna jirani aliyesogea karibu. Walisimama ng'ambo ya ua wakitazama mikono ya baba mkwe. Walikuwa wamepata jibu lao, na mimi, niliyeketi kwenye mafundisho miaka mitatu, nilijikuta nami naitazama mikono ile.

Mtoto alishikwa na homa siku ya tisa baada ya mama mkwe kufa. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka meno yakigongana. Jirani mmoja, mwanamke mwenye huruma, alikuwa akija kunipikia uji, lakini alipomwona Cleophas akitoka upande wa kanisa na mkono umo mfukoni, aliacha chungu motoni akaenda zake. Nikabaki na mtoto kifuani. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha nyembamba, mlango wangu uko wazi kwa ajili ya mwanga. Nikasikia kikohozi.

Alikuja mpaka chini ya paa, akasimama akinipa mgongo. Niliona koti lililolowa na vile visigino.

"Mke wa Machogu," alisema, "mtoto anapumuaje?"

Nikamwambia anapumua haraka haraka, na macho hayafungi vizuri. Nilisikia anavuta kizibo kukilegeza, kisha akakirudisha. Halafu akaanza kunieleza kwa sauti ile ya Jumatano, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema si lazima abatize yeye. Mtu yeyote anaweza, mwanamume au mwanamke, hata ambaye hajabatizwa, mradi anataka kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya. Mimina maji kichwani yatiririke, na wakati huo huo sema maneno. Akaniuliza kama nayakumbuka. Nilisema nayakumbuka. Akainama, bado amenipa mgongo, akaiweka chupa kizingitini, akaisukuma ndani kwa fimbo yake. Fimbo iliingia kwangu. Mguu haukuingia.

Niliichukua ile chupa. Ilikuwa na joto la mfuko wake.

Mnataka kujua nilifikiri nini. Nilifikiri mambo mawili na yote niliyaamini. Niliamini kwamba mtoto akimwagiwa maji yale atakufa, kama mama mkwe, kama wale wote. Na niliamini kwamba akifa bila maji yale hatauona uso wa Mungu milele na milele. Kama ningekuwa mpumbavu wa upande mmoja tu ningepata nafuu. Nikamtazama usoni, midomo imekauka, kidole gumba kimekunjwa ndani ya ngumi. Nikamtaka hapa. Sikumtaka mbinguni, nilimtaka hapa, juu ya kilima, anichafue nguo, amwone baba yake akirudi. Nilimpenda kwa uchoyo, na uchoyo ndio ulioamua.

Nilisema maneno yote, kwa sauti ya kusikika nje, bila kukosea hata moja. Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Chupa ilikuwa mkononi mwangu, na kizibo chake kimekaza.

"Tayari, Baba," nikasema.

Mvua iliendelea kunyesha. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani ameondoka.

"Umemwita nani?"

"Petro."

"Vema," akasema. Lakini hakwenda. Alisimama pale, na nikaona kisigino kimoja kinainuka kidogo, kikarudi chini. Kisha akatembea kuelekea kwake, na safari ile hakukohoa.

Maji ya chupa niliyamwaga nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Petro alikufa kesho yake mchana, kichwa chake kikavu.

Kaburi alilichimba mzee mwenyewe kando ya nyumba, kwa kuwa wanaume wengine waliogopa. Kwa kila mbatizwa aliyezikwa kilimani alisoma sala mpaka sauti ikakauka, na siku ile pia alikuja na kitabu kwapani. Alikifungua, akakitazama, akakifunga. Alisema mvua italowesha karatasi. Manyunyu yalikuwa ya kuhesabika. Akavua kofia akasimama bila neno, nami nikajiambia ni majonzi, mjukuu wa kwanza, mwana yuko vitani, mke hana siku kumi na tano ardhini. Nilijiambia hivyo kwa nguvu sana.

Kiangazi kilipokuja homa ikashuka ilikotoka. Watu wakaanza kuamkiana tena. Nyasani alimtumia baba mkwe kondoo, bila maelezo, na baba mkwe akampokea bila maelezo. Na mimi nikajifunza lile ambalo nilistahili kulijua mapema. Mtoto wangu alikufa bila tone la maji, kwa hiyo si maji yaliyoua. Nilikuwa nimemnyima uso wa Mungu kwa bure. Kuna asubuhi niliamka nikiwa nimeuma mkono wangu mwenyewe.

Machogu akarudi salama, amekonda, amejua kuvuta sigara. Akaniuliza juu ya mtoto, nikasema alibatizwa. Mwaka uliofuata nami nikabatizwa na Padre, nikaitwa Magdaline. Padre alisema maji hayo yanaosha kila dhambi iliyotangulia, hata ambayo hukuitaja. Nilishukuru, nikadhani nimeponyoka. Lakini dhambi kuoshwa ni jambo moja, na uwongo unaokaa nao kila siku ni jambo jingine. Kila Novemba baba mkwe aliwaombea marehemu wa boma letu kwa majina, uwanjani, akianza na Roda. Akifika mahali pa mtoto alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na mmoja.

Nikazaa wengine wanne, na kila mmoja alipelekwa misheni siku ile ile aliyozaliwa, mvua au jua, mzee akitangulia njiani kwa mwendo ambao haukuwa wa umri wake. Katika kufundisha alibadilika. Somo la watoto waliokufa bila maji aliacha kulifundisha. Akifika kwenye ukurasa ule aliuruka, na mtu akiuliza alisema tu kwamba Mungu bado anafanya kazi, tuendelee. Padre akasikia. Alimwita mara mbili akamwonya kwamba katekista hana ruhusa ya kuchagua kurasa, na mara ya tatu akamnyang'anya mafundisho akampa kijana mmoja aliyesoma, aitwaye Jethro. Baba mkwe akaachiwa kugonga kile chuma. Alikigonga miaka minne, hakulalamika. Mimi nilisema ni uzee, akili imechoka. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kusimama mbele ya kitu na kukataa kukiona.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa kuvuna wimbi, kifua kikamwangusha. Machogu alikwenda kumwita Padre, safari ya kutwa nzima kwenda na kurudi. Nikaachwa kumpelekea uji. Niliuweka mlangoni, mwanamke wa ukoo akaupokea akamnywesha, kisha akaenda kuteka maji. Nikaketi nje, mgongo wangu ukiegemea ukuta, mahali ambapo kwa ndani palikuwa kichwa chake. Jua lilikuwa kali. Nilisikia pumzi yake kupitia udongo.

Nilifikiri hivi. Padre atakuja, atampaka mafuta, naye ataondoka akitarajia kumkuta mjukuu wake. Atafika huko atazame huku na huku, aulize, Petro wa Machogu yuko wapi, mzee yule wa mwendo wa polepole, na hatamwona. Nikaona siwezi. Nilikuwa nimemdanganya duniani, lakini kumwacha aende safari ile akimtafuta asiyekuwapo, hapo moyo ulikataa.

"Baba," nikasema ukutani, "yule mtoto sikummwagia maji."

Pumzi iliendelea ndani, kwa shida.

"Najua, mwanangu."

Aliendelea mwenyewe, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema amebatiza wachanga wengi, na mchanga akiguswa na maji kichwani hushtuka. Hata aliye karibu kufa huvuta pumzi, hutoa kisauti. Alisimama pale chini ya paa akikingoja kile kisauti. Alisikia maneno yote, yaliyosemwa vizuri, na mtoto hakushtuka.

"Mbona hukuingia?" Nililia nikisema, na ilikuwa hasira, siyo toba. "Ulijua, na mlango ulikuwa wazi. Mbona hukuingia?"

"Niliinua mguu," akasema. "Nikaona haya."

Akasema aliwaambia watu wa kilima chote waache mambo ya wazee kwa ajili ya roho zao, akawaingilia nyumba zao, akawavunjia miiko yao. Ilipofika kwake alishindwa na kizingiti cha mkaza mwana. Alijua kwamba ile ni desturi tu, na hatima ya mtoto ni ya milele. Mguu ulijua vingine. Alikuwa ameungama kwa Padre, na Padre alimwondolea, lakini mtoto hakuondolewa alipo.

"Na mimi ulininyamazia miaka yote hii?"

"Ulikuwa umebeba lako. Sikutaka kukubebesha na langu."

Sikumwona, lakini nilijua kwamba ameugeukia ukuta, kwa sababu sauti ilikuwa karibu na sikio langu. Nikamwuliza lile swali lililokuwa linanila. Mtu ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, ambaye alijibu bila kusita siku ile nilipoketi nyuma ya mwanamke mnene.

"Yuko wapi, Baba?"

Wanawake walikuwa wakipepeta wimbi ng'ambo ya ua, na makapi yalipepea mpaka kwenye magoti yangu.

"Sijui," akasema. "Nimefundisha kwamba Mungu hajaacha kazi. Kama ni kweli, basi siku ile nilipobaki nje, yeye aliingia. Kama siyo..." Hakumaliza. Akakohoa mpaka nikaogopa. Halafu akasema kwa uchovu, kama mtu anayekwenda baraza la chifu na kesi anayodhani atashindwa, "Naenda kuuliza."

Machogu akafika na Padre jua likishuka. Baba mkwe alipakwa mafuta, akafa Ijumaa. Walipomtoa uwanjani, desturi ilinitaka nigeuke, na safari hii sikugeuka. Nilimtazama usoni mpaka wanawake wakanivuta kanga. Alikuwa na paji pana na nyusi nyeupe, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtu aliyekatizwa akisema.

Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye. Wajukuu wangu huniambia Kanisa limelainika, kwamba mapadre wa leo wanasema watoto wale wamo mikononi mwa Mungu na tuwe na tumaini. Nawasikia. Nami nina tumaini, na nina hofu, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja. Naogopa kufika huko niwakute wawili wale wameketi pamoja, na mtoto aniulize mwenyewe kwa nini sikuifungua chupa. Na naogopa zaidi nifike nimkute baba mkwe peke yake, bado anauliza.